Kukusanya kumbukumbu za kasino ukizunguka Ziwa Victoria kwa gari

Kama unapanga kuzunguka ziwa na unataka kurudi na kumbukumbu za kasino, usingoje ufike Kampala. Anzia hapa hapa Mwanza, soko la Mlango Mmoja, asubuhi wakati belo za mitumba zinafunguliwa. Makoti na suruali zinazotoka Marekani huja na vitu vilivyosahauliwa mifukoni: risiti, kalamu za hoteli, viberiti vya karatasi, na mara chache sana sarafu ya mashine ya kamari au chipu, kile kiduara kinachotumika badala ya pesa kwenye meza ya kasino. Muuzaji hana shida navyo. Mzoee mmoja, mwambie unachotafuta, mwachie namba yako, na akikupigia nenda siku hiyo hiyo na umlipe vizuri. Wangu ananiwekea kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza, pamoja na vifungo na zipu. Angalia pia kofia na fulana. Kofia yenye jina la kasino lililodariziwa ni kumbukumbu kamili, na bei yake ni ile ile ya kofia nyingine yoyote.

Mimi ni fundi wa AC na majokofu, nakaa Kirumba, na kazi hunipeleka mahotelini kuanzia Musoma hadi Kisumu, Jinja na Bukoba. Huko ndiko nilikopata sehemu kubwa ya nilichonacho. Sichezi kamari, na naliweka hili mbele kwa sababu ndilo linaloamua kama kazi hii utaiweza. Mkusanyaji anaingia kasino kama mtu anayeingia duka la vitabu: anajua anachotaka na amebeba pesa ya kitu hicho tu. Pochi na kadi ya benki viache hotelini. Beba hela ya chipu moja au mbili za thamani ya chini na nauli ya bodaboda, basi. Ukiona roho inakutuma ujaribu ruleti, ule mchezo wa gurudumu la namba, mara moja tu, toka nje. Chipu utaipata mji unaofuata. Na kama kamari imewahi kukusumbua, usiingie kabisa. Kusanya kwa kununua mitumbani na kubadilishana na wenzako, kumbukumbu ni zile zile.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, tukianza na chipu, maana ndiyo wengi wanayoitafuta. Chipu nyingi za mezani zina kipenyo cha milimita 39 hivi. Zile za Marekani zinazoitwa za udongo ni mchanganyiko wa udongo na vitu vingine unaokandamizwa kwenye kalibu ya moto. Ukiipitisha kidole utasikia uso mkavu, haitelezi kama plastiki ya kawaida. Igeuze uitazame ukingoni: yale madoa ya rangi hayakupakwa juu, yameingia ndani ya mwili wa chipu, ndiyo maana hata ikichakaa rangi inabaki. Katikati kuna duara lenye jina la kasino, mji na thamani. Kwa mazoea ya Marekani nyekundu ni dola 5, kijani dola 25 na nyeusi dola 100. Kwenye kasino za mtindo wa Ulaya, thamani kubwa hutolewa kwa bamba la mstatili badala ya duara. Bamba hizo ni nzuri mno, lakini thamani yake si ya mfuko wa fundi. Tosheka na picha za vitabuni.

Kuna chipu moja usiichukue hata siku moja: ile ya meza ya ruleti isiyoandikwa thamani. Kwenye ruleti kila mchezaji hupewa rangi yake ili dila, yule mwendesha meza, ajue dau ni la nani, na thamani ya rangi hiyo hupangwa pale pale mchezaji anapokaa. Leo nyeupe inaweza kuwa ya bei ndogo, kesho ya bei kubwa. Ikitoka mezani inaweza kurudishwa siku nyingine kwa ujanja, kwa hiyo walinzi huifuatilia kwa makini na wana haki. Chipu yenye thamani iliyoandikwa ni jambo tofauti. Umeilipia dirishani, na ukiondoka nayo kasino imebaki na pesa yako. Hata hivyo omba. Kasino nyingi huhesabu chipu kuwa mali yao hata baada ya wewe kuilipia, na ruhusa ya mdomo tu inakuondolea maswali mlangoni.

Sarafu za mashine zina historia ninayoipenda kuliko zote. Hadi miaka ya 1960 mashine za kamari za Nevada, jimbo la Marekani, zilikuwa zinakula dola halisi za madini ya fedha. Bei ya madini hayo ilipopanda watu wakaanza kuzificha majumbani, dola zikaadimika, na kuanzia 1965 kasino zikaanza kutengenezesha sarafu zao zenye majina na nembo zao. Zikatumika miaka mingi, mpaka mashine zilipohamia tiketi za karatasi zenye mistari ya kusomwa na mashine. Ile niliyoipata kwenye lile kopo la maziwa inatoka Reno, mji wa Nevada. Upande mmoja umesagika kuliko wa pili, na ukingoni kuna mikwaruzo midogo iliyolala sambamba, kana kwamba imepitishwa mara nyingi kwenye mdomo ule ule wa chuma. Niliikagua na lenzi ya kusomea namba za kompresa, nikaona chini ya vumbi jina la mji limebaki safi, kila herufi. Kitu hicho kilitoka jangwani Nevada kikafika ufukweni kwetu ndani ya mfuko wa suruali ya jinzi.

Mambo mengine nayataja kwa kifupi. Karata: kasino hubadilisha pakiti mara kwa mara, na za zamani hutobolewa katikati au kukatwa pembe ili zisirudishwe mezani. Hiyo tundu au pembe iliyokatwa ndiyo ushahidi kwamba zilichezewa kweli, kwa hiyo usiione kuwa kasoro. Dadu za kasino zina pembe kali, zinapenyeza mwanga, na nyingi zina namba ya usajili. Huku kwetu meza za dadu ni chache, ukikuta moja ishike. Viberiti, kalamu, kadi za kuwekea glasi na vibao vya funguo vya hoteli zenye kasino vyote vinafaa, ilimradi jina lisomeke. Ila kibao cha ufunguo kiombe mapokezi, usiondoke nacho mfukoni.

Cha bure kabisa ambacho wengi wanakiacha ni kadi ya kuandikia namba za ruleti. Wachezaji hupewa kadi ndogo na kalamu waandike namba zinazotoka. Chukua moja safi. Mara nyingi nyuma yake pamechorwa gurudumu, na hapo utajua aina yake: lenye sifuri moja lina vyumba 37, la Kimarekani lenye sifuri mbili lina 38. Kadi hizi huchapishwa upya kila nembo inapobadilika na hakuna anayezihifadhi. Ndiyo maana baada ya miaka michache ndizo zinakuwa adimu.

Adimu haiji kwa sababu kitu ni cha gharama. Inakuja pale chanzo chake kinapokoma. Las Vegas, mji wa kasino huko Nevada, walilipua hoteli ya kasino ya Dunes Oktoba 1993, Sands Novemba 1996, na Tropicana Oktoba 2024. Baada ya kila moja, hakukuwa na chipu mpya tena, zikabaki zilizokuwa mikononi mwa watu, kwa sababu kasino ikifungwa hutoa muda wa kurudisha chipu na kulipwa, kisha zilizorudi huharibiwa. Sisi wa Mwanza hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Tulikuwa tunazitupa tiketi za kivuko cha Kigongo na Busisi pale pale tunaposhuka. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa mahali pa kivuko hicho, na leo ukinionyesha tiketi hiyo ikiwa safi, yenye tarehe, nitaitaka. Kwa hiyo ukifika kwenye kasino inayopaka rangi upya, inayobadili jina au kuweka nembo mpya, uliza vya zamani viko wapi kabla havijaenda jalalani.

Namna ya kuomba ndiyo kazi yenyewe. Nenda saa za alasiri kabla watu hawajajaa. Vaa vizuri, viatu vya kufunika. Salimia mlinzi kwanza, mwonyeshe kitambulisho kabla hajakiomba, kisha nenda moja kwa moja dirisha la keshia. Usitoe simu, kupiga picha ndani ni marufuku sehemu nyingi na utaharibu kila kitu kwa kosa hilo moja. Sema ukweli wako wote mara moja. Kisumu mazungumzo yangu na keshia yalikwenda hivi:

“Habari ya kazi, dada. Mimi natoka Mwanza. Nakusanya chipu za kasino kama wengine wanavyokusanya stempu. Naomba ninunue moja ya bei ya chini niende nayo nyumbani, kama inaruhusiwa.”

“Unaenda nayo kabisa? Hutacheza?”

“Sichezi. Ni ya kumbukumbu.”

“Ngoja niulize meneja.” Alirudi akicheka. “Amesema ni sawa. Nikupatie mpya ama ile design ya kitambo?”

Lile swali la mwisho ndilo unalotaka kulisikia, na usipoulizwa, uliza wewe. Kwenye trei za keshia toleo la zamani na jipya mara nyingi hukaa pamoja. Mwombe moja ya kila toleo kama mfuko unaruhusu, na achague yenye ukingo mkali usiolika. Ukishapata, omba risiti au mhuri wowote, hata kikaratasi cha dirishani. Wengine watakukatalia. Shukuru, chukua kadi ya ruleti na kiberiti, ondoka kwa heshima. Kasino zina watu wa zamu tofauti, na aliyekataa Ijumaa anaweza kukumbuka adabu yako mwezi ujao.

Kuhusu njia, mimi huanza upande wa mashariki: Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, navuka Sirari, halafu Migori na Kisii hadi Kisumu. Kutoka hapo ni Busia, Jinja, Kampala, Masaka, navuka Mutukula kuingia Bukoba, kisha Biharamulo, Chato, Geita na daraja la Busisi hadi nyumbani. Usiwe na haraka. Barabara ya Tarime kwenda mpakani ina malori na usiku si wa kuendesha. Kwa gari lako mwenyewe hakikisha una kadi ya njano ya bima ya COMESA, kadi halisi ya gari au barua ya mwenye gari, na wewe uwe na pasipoti au hati ya kusafiria pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mpakani gari hupewa kibali cha muda. Kikague tarehe kabla hujaondoka dirishani.

Umri nao uzingatie. Tanzania na Kenya kasino ni kwa waliotimiza miaka 18. Uganda, sheria yao ya 2016 imeweka miaka 25. Kama unasafiri na mdogo wako wa miaka 22, Kampala atabaki nje hata kama Kisumu mliingia wote, na usijaribu kumpitisha kwa maneno. Mpe kazi ya kuzunguka soko la Owino kwenye mitumba, huko huenda akapata kizuri kuliko chako. Kisumu kuna soko la Kibuye, na Jumapili ndiyo siku yake kubwa. Masoko haya mawili nayahesabu kuwa sehemu ya safari sawa na kasino zenyewe.

Chipu si pesa. Ile ya shilingi za Kenya haitapokelewa kwenye kasino ya Uganda, wala huwezi kuibadilisha mpakani kwa wale vijana wa kubadilisha hela. Kama umeshika zaidi ya unazohitaji, zirudishe dirishani upewe hela yako kabla hujatoka mlangoni. Afisa wa forodha akiuliza, mwonyeshe bahasha na risiti. Vikiwa vimepangwa na kuandikwa, anaona mwenyewe ni mkusanyo; vikiwa vimezagaa kwenye mfuko wa rambo, una maelezo marefu ya kutoa.

Ukinunua kwa mtu binafsi, kuwa macho. Chipu nyingi zinazouzwa kama za kasino ni za seti za kuchezea nyumbani, zile zinazokuja kwenye sanduku la alumini. Zimechorwa dadu au karata pembeni, ni nzito, zina chuma ndani, na hazina jina la kasino wala mji. Uzito au sumaku peke yake visikuhukumie, maana zipo kasino halisi zinazotumia plastiki yenye chuma ndani. Tazama jina, mji na aina ya pesa inayotajwa kama vinaendana. Omba muuza duka akuangazie kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Chipu nyingi za kisasa zina alama iliyofichwa inayowaka chini yake. Kuna pia zilizotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji tu, zenye jina la kasino ya zamani ambayo haikuwahi kuzitumia. Zinapendeza, lakini usizilipie bei ya kitu cha kweli.

Kuzitunza ndiko ninakokuona kugumu zaidi kwetu, na hapa nazungumza kama mtu anayepambana na unyevu kila siku. Hewa ya ziwani ina maji. Karata hujikunja, viberiti huoza kichwani, karatasi huota madoa ya kahawia. Sanduku lisikae limeegemea ukuta wa nje wala sakafuni. Weka ndani vile vifuko vya chembe nyeupe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na vifaa vya umeme, na uvibadilishe. Vikishashiba maji haviwezi kufyonza zaidi. Usifungie kitu ambacho bado kina unyevu, kwa sababu ukikifunga umeufungia humo humo. Njiani usiache chochote juu ya dashibodi. Jua la Bunda saa nane mchana linafifisha wino na kukunja karata siku hiyo hiyo.

Chipu chafu ioshe kwa maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji na mswaki laini, kisha ifute na kuianika kivulini. Kama duara la katikati ni karatasi na limeachia pembeni, usiiloweshe, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Petroli, spiriti na asetoni viweke mbali kabisa. Sarafu ya chuma usiing'arishe. Ule weusi wake ni umri wake, na ukiuondoa haurudi. Epuka pia mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, ile inayonata ukiibana kwa vidole. Baada ya muda hutoa utando unaoganda juu ya kitu, na kwenye chuma huleta ukijani. Bahasha ndogo za karatasi safi zinatosha kuanzia, lakini mende wanapenda karatasi na gundi, kwa hiyo bahasha zikae ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana.

Na andika usiku ule ule, kabla hujalala. Kitu kisicho na maelezo kinabaki kipande cha plastiki, hata kiwe kizuri vipi. Usiandike juu ya kitu chenyewe wala usikibandike stika. Andika kwa penseli juu ya bahasha, kabla hujakiweka ndani: tarehe, mji, kasino, ulilipa kiasi gani au nani alikupa, na jambo moja uliloliona. Yangu moja imeandikwa: “Kisumu, dirisha la keshia, alasiri, toleo la zamani, meneja aliruhusu, AC ya ukumbini inavuja maji.” Nikiisoma, chumba kizima kinanirudia, pamoja na ndoo waliyokuwa wameikinga chini ya mashine.

Ukipata mbili za aina moja, ya pili ni ya kubadilishana. Usiiuze haraka. Mwenzako aliyepita Bukoba wakati wewe uko Jinja anaweza kuwa na kile unachokosa, na pesa haitakipata. Mkibadilishana, nakili maelezo yake yote kwenye bahasha yako, ukiongeza jina lake na siku mliyokutana, halafu mpe naye nakala ya yako.